Rangi ya ubao ya lita moja: nilivyoiona mimi mwalimu wa darasa la kwanza

Kopo nililinunua Ngamiani, Tanga, Juni shule zilipofungwa, kwa shilingi 16,000. Muuzaji alianzia 18,000. Jina la kiwanda sitaliandika hapa, maana kopo moja si ushahidi wa kutosha wa kumharibia mtu biashara. Lakini rangi hizi nyeusi za kupaka ubao wa saruji zimejaa madukani, na tangu niseme kwenye kundi letu la walimu kwamba nimeijaribu, kila siku nakuta mtu ananiuliza, "Mwenzangu, ile rangi vipi?" Jibu la haraka: inafaa, ila usiyafuate maelezo ya kwenye kopo. Jibu lenyewe ni refu, na humo ndani nitapitia kwa marehemu bibi yangu. Mnivumilie.

Ubao kwanza. Darasa langu ni la kwanza, watoto 94. Ubao umepigwa kwa saruji palepale ukutani, futi 8 kwa 4. Umepakwa rangi juu ya rangi miaka na miaka hadi umeota magamba, na pale katikati, ambapo ndipo mkono wa mwalimu unapofika zaidi, una vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Machi nilikuwa nafundisha sauti ya "a". Kupitia madaftari, nikakuta watoto wanne wa mbele wameandika "a" yenye kidoti ubavuni. Ukurasa mzima, mstari hadi mstari, a na kidoti, a na kidoti, kwa uangalifu ambao ungempendeza mwalimu yeyote. Nikadhani wameigana. Nikageuka kuutazama ubao: kishimo kile kimejaa vumbi la chaki, kimetulia kando ya herufi yangu, cheupe kabisa. Watoto hawakukosea. Walinakili walichokiona.

Niliomba rangi ofisini, nikaambiwa nisubiri. Nikasubiri. Mei ilipokatika, pesa niliyokuwa nimeiweka ya kitenge ikabadilishiwa kazi.

Kijana wa dukani aliniamkia kabla sijafungua mdomo. "Shikamoo mwalimu." Huwa sijui tunajulikana kwa kitu gani, labda mkoba.

"Marahaba mwanangu. Rangi ya ubao ipo?"

"Ipo. Hii saa mbili tu imekauka. Ukipaka asubuhi, mchana unafundisha."

"Haing'ai?"

"Haing'ai, mwalimu. Nyeusi tii."

Nilitamani sana kumwamini. Akaniuzia na brashi ya inchi 3, kichupa cha thina na karatasi mbili za msasa. Msasa wenyewe ulikuwa ule mkali wa mbao, na hapo ndipo nilipopaswa kumkatalia.

Siku ya kupaka nilifungua kopo kwa bisibisi, harufu ikanipiga puani: thina tupu, inayopanda mpaka kichwani. Nikafungua madirisha yote, nikasimama mlangoni kuvuta pumzi, na sijui kwa nini pale mlangoni nikakumbuka matembele.

Wa rika langu mnajua. Wadogo, ngoja niwaeleze. Nilisoma shule ya msingi kijijini, wilaya ya Muheza, miaka ya 90. Rangi ya ubao ya kopo hatukuwahi kuiona. Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho mwalimu alikuwa akisema, "Jumatatu nataka ubao mweusi," na kazi hiyo ilikuwa yetu. Wavulana walileta betri za redio na tochi zilizokwisha nguvu, wasichana tulileta majani ya matembele. Betri unaiweka juu ya jiwe, unaigonga kwa jiwe jingine hadi ganda lifumuke. Katikati kuna kijiti cheusi, hicho unakitoa na kukiweka kando. Unaobaki ni unga mweusi wenye unyevunyevu. Unautwanga pamoja na matembele, unatia maji kidogo, inakuwa rojo linalonata. Kisha tambara, kutoka juu kwenda chini, mkono usirudi juu kabla haujafika mwisho. Jumatatu ubao umekauka, mweusi usio na mng'ao hata chembe, na chaki ikigusa tu inashika.

Sisemi turudi huko. Mikono yetu ilibaki na weusi kwenye kucha mpaka Jumatano, na kwa mikono hiyohiyo tulimenya maembe na machungwa. Ule unga si wa kuchezewa na mtoto, na leo nikimkuta mwanafunzi wangu anagonga betri nitamnyang'anya. Ila kwa kipimo cha ubao peke yake, bila kujali afya ya mtu, rojo la betri na matembele lilikuwa bora kuliko kopo la 16,000. Lazima niseme ukweli.

Mwalimu wetu wa darasa la pili alikuwa mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo 1977, na walimu wa kuwafundisha watoto wote hao hawakuwepo. Serikali ikachukua vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa ualimu huku wanafundisha. Mtaani wakatungiwa jina, "Ualimu Pasipo Elimu". (Miaka ya 2000 ikaja zamu ya wale wa mafunzo ya wiki chache, wakaitwa vodafasta. Nchi hii kila ikikosa walimu huwatafuta kwa haraka, halafu huwacheka waliokuja.) Yule mama alikuwa mrefu, mkimya, khanga kiunoni juu ya gauni. Ijumaa moja nilichelewa kuondoka kwa sababu tambara langu lilikuwa halijafika kona ya mwisho, na nusu ya ubao ilikuwa imeshakauka. Akachukua chaki akaandika sentensi kwenye ile nusu. Sikumbuki ilikuwa sentensi gani. Nakumbuka kwamba alirudi nyuma hadi ukuta wa mwisho, akachuchumaa pale walipokaa wenzetu waliokosa madawati, akautazama ubao kutoka chini. Akainuka, akaja, akafuta, akaandika upya, kubwa zaidi na juu zaidi. Akarudi tena kuchuchumaa. Mara tatu.

"Mwalimu, mbona unafuta?"

"Nenda kakae pale uniambie unaona nini."

Nikaenda nikakaa. Nikamwambia nimeona mgongo wa dawati. Akacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka, na sentensi ikapanda juu tena.

Vile vijiti vya betri vilikuwa vyangu. Wavulana walivitupa, mimi niliviokota nikavifunga kwenye upindo wa sketi. Vinaandika vizuri mno kwenye ukuta mweupe, na ukuta mweupe ulikuwepo: bibi alikuwa ameupiga chokaa ukuta wa uani kwa ajili ya Idi. Wanafunzi wangu walikuwa wadogo zangu wawili na mtoto wa jirani aliyekuwa haendi shule. Nikaandika ga, ge, gi, go, gu, nikashika ufito, nikawasomesha kwa sauti ya mwalimu. Bibi alikuwa ameketi kwenye mbuzi anakuna nazi. Sikumwona. Nilishtuka sauti ya kukuna ilipokoma.

Nilijua nachapwa. Bibi akaja mpaka ukutani, mikono imejaa machicha, akautazama ukuta wake wa Idi kwa muda. "Hiyo g yako," akasema, "mkia umeuelekeza wapi?" Mkia nilikuwa nimeupeleka kulia. Bibi alisoma kisomo, yale madarasa ya elimu ya watu wazima ya miaka ya 70, akaanza kuandika jina lake akiwa ameshazaa watoto watano, na herufi alizozipata ukubwani hakuzifanyia mzaha. Akanishika mkono na kijiti changu, akauvuta mkia kushoto. Machicha yakabaki ukutani. Akawageukia wanafunzi wangu, "Someni tena," wakasoma. Kisha akarudi kwenye mbuzi yake, na bila kunitazama akasema, "Umemaliza kufundisha? Haya, chokaa iko kwenye debe. Ukuta uwe mweupe kabla babu yako hajarudi."

Sasa mtu akiniuliza kwa nini ualimu, sisemi wito. Chuoni Korogwe tuliulizwa siku ya kwanza na darasa zima likajibu wito, mmoja baada ya mwingine, kama tumeambiana. Mimi divisheni foo ya kidato cha nne ndiyo iliyonipeleka kwenye cheti cha ualimu cha Daraja la A, tusidanganyane. Lakini nilipokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha na kusimama mbele ya darasa la watoto 110 magoti yakigongana, nilichofanya ni kugeuka ubaoni na kuandika tarehe, na mkono haukutetemeka. Nikaandika na mada. Nikatembea hadi nyuma nikachuchumaa. Mkufunzi aliyekuja kunikagua aliandika kwenye fomu: matumizi ya ubao, vizuri sana. Sehemu nyingine za fomu hiyo hazihusu mjadala huu.

Turudi kwenye kopo.

Nilikwangua magamba siku mbili kwa mwiko wa fundi. Vishimo nikaziba kwa saruji na mchanga uliochekechwa kwa chekeche la unga. Kosa la kwanza ni langu: saruji mbichi inataka kama wiki nne kabla ya kupakwa rangi, mimi niliipa kumi na moja, siku kumi na moja, sababu likizo ilikuwa inakwisha. Penye viraka rangi ilivimba vijipovu na kupauka. Hilo sikilaumu kiwanda.

Mkono wa kwanza nilipaka saa tatu asubuhi. Kopo linasema itakauka ndani ya saa mbili. Saa tano nikagusa, ikanata. Saa tisa nikagusa, ikanata. Tanga na unyevu wa bahari, pengine kiwandani hawakutufikiria sisi. Alama ya dole gumba langu ipo mpaka leo kona ya chini kulia, unaweza kuhesabu mistari. Nikaiacha hadi kesho yake jioni, nikapaka mkono wa pili, nikafunga mlango siku nne. Fanyeni hivyo. Mkono mwembamba, siku nzima, mkono mwembamba, siku nne. Ukipaka mzito mara moja utalia.

Kwa ujazo, hapa nakisifu. Mikono miwili ya futi 8 kwa 4 ilimaliza nusu ya kopo na kidogo zaidi. Inasambaa vizuri, haichuruziki, na inaficha ya chini.

Halafu Julai. Siku ya kwanza nikaandika tarehe, chaki ikateleza kama inaandika kwenye sahani. Alama zikawa hafifu, na nilipofuta, tarehe ikabaki pale kama kivuli. Hilo la kivuli lina dawa na mlijue kabla: ubao mpya usiandikwe mara moja. Chukua chaki, ilaze ubavu, paka ubao wote uwe mweupe, kisha futa kwa dasta kavu. Vumbi linaingia kwenye vitundu vidogo vya rangi, na kitakachoandikwa baadaye hakizami. Mimi nilijua hilo nikaacha kwa haraka zangu.

Lililonikasirisha ni mng'ao. Madirisha yetu yako upande wa kushoto, jua la asubuhi linaingia moja kwa moja. Nilifundisha kipindi kizima nikiona watoto wa upande wa mlango wanachezea penseli. Nikataka kuwagombeza. Badala yake nikaenda kuchuchumaa pale walipo. Sikuona herufi hata moja. Niliona dirisha, nondo zake zote na mwembe wa nje, limelala juu ya ubao wangu. Watoto kama thelathini walikuwa wamekaa tangu saa mbili asubuhi wanatazama mwembe.

"Mbona hamkusema?"

Wakanitazama tu. Mtoto wa darasa la kwanza hajui kwamba ubao unatakiwa uonekane. Anadhani shule ndiyo hiyo.

Nilirudi Ngamiani. Kijana wa dukani akasema rangi nyeusi zote hung'aa kidogo, mwalimu. Nikamkumbusha alichoniambia Juni. Akanipa msasa wa maji, ule mlaini, namba 400, na bei akapunguza shilingi mia mbili, nadhani kama pole. Jumamosi nikausugua ubao wote kwa maji, taratibu, kwa mizunguko midogo, hadi mng'ao ukafa. Ule msasa wa mbao ungeuchana. Baada ya kukauka nikaandika "a" moja, na hapo nikasikia ile sauti: kwaru, kavu, chaki inakamatwa. Kama ningepewa msasa huu tangu siku ya kwanza, nyota zingekuwa nne. Sasa natoa tatu.

Chaki nayo ina mchango wake, msije mkailaumu rangi kwa kosa la chaki. Ile ngumu inayotangazwa haina vumbi hukwaruza rangi mpya. Mimi natumia ya jasi, laini. Zipo hata zinazotengenezwa hapa nchini, Maswa mkoani Simiyu. Vumbi lake ni jingi, ndiyo, nywele zinakuwa za bibi kizee ikifika saa sita, lakini ubao unapona. Dasta nimeshona mwenyewe kwa kipande cha gunia, ndani nimejaza sufi.

Kazi ya kuupaka ubao wote chaki, ile niliyoiruka mwanzoni, sikuifanya peke yangu. Niliwapa watoto. Chini, mpaka wanapofika, kila mmoja kipande cha chaki kilichobaki. Juu nikamalizia mimi. Kisha tukapiga mistari ya mwandiko kwa kamba nyembamba ya mkonge: unaipaka chaki, wawili wanaivuta huku na huku, wa tatu anaivuta katikati na kuiachia. Tapu! Mstari umenyooka kuliko rula yoyote. Darasa lilipiga kelele hadi mwalimu wa zamu akaja kuchungulia.

Kuna msichana mmoja, jina lake nalihifadhi, ambaye tangu Januari hajanijibu swali kwa sauti. Anaandika, anatii, hasemi. Nilimpa ncha ya kamba kwa sababu tu alikuwa karibu. Mstari wa kwanza alishika legelege ukapinda. Mwenzake akamcheka. Wa pili aliizungusha kamba kwenye ngumi yake mara mbili, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote, akaniambia, "Ongeza chaki." Mimi huyo, nikaongeza chaki. Alishika ncha ile mpaka mstari wa mwisho, na wenzake walipotaka zamu aliwaambia bado.

Rangi iliyobaki, pungufu kidogo ya nusu kopo, nilitaka kuitunza ya mwakani. Fundi akanitahadharisha kwamba ikishafunguliwa huota ngozi juu na kuganda, hata ukiifunika vipi. Basi nikaipaka nje, kwenye ukuta ulio chini ya tangi la maji, ukanda wa futi mbili kutoka chini, kimo cha watoto. Pale haina shida ya mng'ao maana pana kivuli kutwa nzima. Kama una kopo na hujui masalio uyafanyie nini, ndiyo shauri langu, na usisahau kuipa siku zake nne za kukauka. Vipande vya chaki vinavyokuwa vifupi mno kwa vidole vyangu naviweka kwenye kikopo cha maziwa pale chini.

Alhamisi wakati wa mapumziko nilipita kwenda ofisini. Yule msichana alikuwa pale na watoto watatu wa chekechea wameketi mchangani mbele yake. Ameshika kijiti cha mwembe. Amepiga mistari kwa mkono, imepinda, na juu yake ameandika "a" safu mbili kamili, kubwa, zimejaa. Kila moja ina kidoti ubavuni.

Nimemwacha mpaka Jumatatu.